Kumpeleka mama ughaibuni: kila nchi ina swali lake, lijue kabla hujaanza kukusanya makaratasi

Desemba ikifika huku Moshi, watu wa nje wakishatua KIA na wa Dar wakishapanda na mabasi yao, kwenye vikao vya familia kule Machame, Kibosho, Marangu, Rombo, lazima hii mada iibuke. Mama amezeeka, mzee alishatangulia, mjukuu aliyekuwa anakaa naye ameenda chuo, sasa wewe uliye nje si umchukue ukakae naye huko? Arusha ni hivyo hivyo, nenda Njiro, nenda Tengeru, utasikia maongezi yale yale. Yule wa nje anasema sawa nitafuatilia, akirudi anaanza kuulizia na kila mtu anampa lake. Mmoja anamwambia ukiwa na mshahara mzuri tu inatosha, mwingine anamwambia wazazi hawaruhusiwi kabisa usijisumbue, mwingine anamjua mtu aliyempeleka bimkubwa wake bila shida yoyote. Na unakuta wote wanasema kweli, maana mmoja yuko Texas, mwingine yuko Birmingham, mwingine yuko Toronto.

Hapo ndo watu wengi wanapotea. Hamna kitu kimoja kinaitwa viza ya mzazi. Kila nchi imejitungia swali lake la msingi, na kila karatasi watakayokuomba ni ya kujibu hilo swali. Uingereza wanauliza mama anaumwa kiasi gani na kwa nini hakuna wa kumhudumia alipo. Marekani wanauliza wewe mtoto ni raia au sio raia. Canada wanauliza kipato chako na bima, afu kuna na bahati. Australia wanahesabu watoto. Sasa ugumu ni kwamba jibu linalokubeba nchi moja linakuangusha nchi nyingine, kwa hiyo ukichukua barua ambazo rafiki yako alitumia kumpeleka mama yake Marekani ukazipeleka kwa Waingereza, unakuwa umewapa mwenyewe sababu ya kukukatalia.

Nianze na Uingereza maana ndo penye machozi mengi, na Watanzania wengi wa upande huu wa kaskazini wako kule, manesi, madereva, watu wa maofisini.

Kitu cha kwanza, kama wewe uko kule kwa viza ya kazi, huwezi kumchukua mzazi kama tegemezi wako. Viza ya kazi inaruhusu mume au mke na watoto, na hata hao, kwa wanaofanya kazi za kuhudumia wazee, walifungiwa kuanzia tarehe 11 Machi 2024. Kumwombea mzazi njia ya kukaa moja kwa moja unatakiwa uwe raia wa Uingereza, au una ukaazi wa kudumu, au una hadhi ya mkimbizi. Kwa hiyo nesi aliyefika mwaka juzi anayeulizwa kila wiki na ndugu zake lini utamchukua mama, jamani mwacheni kwanza, mlango wake haujafunguliwa.

Kitu cha pili ndo chenyewe. Tangu tarehe 9 Julai 2012 masharti yalikazwa sana. Mzazi lazima awe anahitaji huduma ya muda mrefu ya mtu mwingine kufanya mambo ya kila siku, kuoga, kuvaa, kujipikia, na sababu iwe ni umri, ugonjwa au ulemavu. Afu hata wewe ukitoa hela na msaada wote unaoweza, hiyo huduma anayohitaji iwe haipatikani alipo wala hakuna mtu anayeweza kuitoa, au iwe ni ghali kiasi cha kushindikana. Vyote hivyo kwa pamoja. Kuna shirika liliipeleka hii kanuni mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya kule ikaiacha ibaki kama ilivyo, kwa hiyo usitegemee kwamba ofisa atakuonea huruma kwa vile mama ni mjane na anakaa peke yake. Upweke peke yake hauhesabiki. Uzee peke yake hauhesabiki. Wala kwamba wewe unalia kila ukimpigia simu, na mimi naamini kabisa unalia.

Sasa hebu uangalie familia ya kawaida ya huku. Mama yuko Kibosho, ana presha na kisukari, magoti yamekwisha. Mtoto wa Uingereza anatuma hela kila mwezi, hela imeweka dada wa kazi, imejenga choo cha ndani, inalipia dawa. Kuna kaka yuko Arusha anafanya biashara, kuna dada ameolewa Himo, na kitinda mimba ndo mwenye nyumba ya pale nyumbani maana kwa mila zetu nyumba ya mzee inamwangukia yeye. Kwa macho yetu huyu mama anateseka. Kwa macho ya ofisa anayesoma faili huyu mama ana mfanyakazi, ana watoto watatu hapo hapo mkoani na mkoa wa jirani, ana hela inayoingia bila kukosa. Jibu ni hapana, na atakunukuu risiti zako mwenyewe za kutuma hela kwamba zinaonyesha huduma inanunulika.

Kwa hiyo kama hali ni mbaya kweli, kazi yako ni kuonyesha kwamba dada wa kazi hatoshi na kwa nini. Mama amepata stroku hawezi kujigeuza kitandani, anahitaji watu wawili kumnyanyua. Au amepoteza kumbukumbu, anatoka usiku anakutwa barabarani, amewahi kuacha jiko la gesi linawaka. Wadada waliajiriwa wakaondoka, andikeni majina, tarehe, walilipwa shilingi ngapi, waliondoka kwa nini. Ndugu waliobaki kila mmoja aandike yake, na aambatishe ushahidi: huyu ameajiriwa Mwanza na mkataba wake huu hapa, huyu naye anaumwa na vyeti vya hospitali hivi hapa. Ndugu kukataa tu kwa mdomo kwamba mimi siwezi, hakusaidii kitu.

Na barua ya daktari. Hii nataka niikazie maana nimeona nyingi. Barua ya kawaida inayotoka hospitali inakuwa na mistari mitatu: mgonjwa tajwa hapo juu ana presha na kisukari, anahudhuria kliniki, anahitaji uangalizi wa karibu wa ndugu zake, sahihi, muhuri. Kwa matumizi ya huku ni barua nzuri kabisa, kwa Uingereza ni karatasi tupu. Barua inayobeba inasema ugonjwa ulianza lini, vipimo gani vilifanyika, leo hii mgonjwa anaweza nini na hawezi nini, kuoga hawezi, kushika kijiko anaweza, kwenda msalani hawezi bila kushikwa, dawa gani lazima mtu ampe na saa ngapi, usiku inakuwaje, na huko mbele hali inategemewa kuwaje. Mwombe daktari bingwa anayemfahamu, anayemwona kliniki ya KCMC au popote anapotibiwa, mpe na muda, usimvizie kwenye korido siku moja kabla ya kwenda Dar. Halafu suala la kwamba huduma haipatikani wanataka lisemwe na mtu mwenye mamlaka, kwa hiyo nenda ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, nenda ustawi wa jamii wakuandikie huduma zilizopo kwa wazee wa hali hiyo ni zipi na mwisho wake wapi. Makazi ya wazee ya serikali yapo, ila yametengwa kwa wazee wasiojiweza wasio na ndugu, na hilo likiandikwa na ofisi husika lina uzito kuliko ukiandika wewe.

Maombi yanafanyika mama akiwa nje ya Uingereza. Ada ni zaidi ya pauni 3,000 na ukikataliwa ndo imeenda. Anatakiwa kupima TB kwenye kliniki iliyoidhinishwa, na cheti kinadumu miezi 6. Kwa wazee angalieni hapa, mtu aliyewahi kuugua kifua zamani picha ikionyesha kovu wanaotesha makohozi na majibu yanachukua hadi wiki 8, kwa hiyo msikate tiketi mapema. Wewe mdhamini unasaini kwamba utamtunza miaka 5 bila kuomba msaada wa serikali. Lile sharti la kipato cha pauni 29,000 ambalo watu wanalisema sana ni la mume na mke, kwa mzazi unaonyesha tu kwamba una uwezo wa kumlisha, kumlaza na kumtunza. Akikubaliwa, na wewe ni raia au mkaazi wa kudumu, na yeye anapewa ukaazi wa kudumu moja kwa moja. Akikataliwa kuna haki ya kukata rufaa kwa msingi wa maisha ya familia, na hapo tafuta mwanasheria wa uhamiaji wa kule kule.

Marekani ni hadithi nyingine kabisa. Hawaulizi mama anaumwa nini, hawaulizi nani amebaki Moshi, mama akiwa na watoto kumi na shamba la kahawa na afya tele bado anakwenda. Swali ni je, wewe mtoto ni raia wa Marekani na umefikisha miaka 21? Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hawezi kumwombea mzazi, nasema tena, hawezi, hata awe na grini kadi miaka ishirini. Ukiwa raia, mzazi anaingia kundi la ndugu wa karibu ambalo halina kikomo cha idadi kwa mwaka. Unajaza fomu ya I-130, ada dola 625 ukijaza onlaini au 675 kwa karatasi, na baba na mama kila mmoja fomu yake na ada yake. Ikipita mnaingia hatua ya viza, ada zaidi, vipimo vya afya, cheti cha tabia njema cha polisi, intavyuu. Kwa upande wa hela unasaini hati ya udhamini kwamba kipato chako kinafika angalau asilimia 125 ya kiwango chao cha umaskini kwa idadi ya watu wa nyumba yako, ukimhesabu na mama, na kikipungua unaweza kuongeza mdhamini mwenza. Hiyo hati inakubana mpaka mama awe raia, au afanye kazi kule jumla ya miaka 10, au aondoke moja kwa moja, au afariki. Watu wanaisaini kama fomu ya mahudhurio, isomeni.

Ila juu ya hiyo sheria ya msingi kuna amri za rais, ambazo zinaweza kuzuia viza kwa nchi nzima nzima kwa kipindi fulani, na Watanzania tusijione tuko nje ya hilo. Kabla ya kulipa chochote fungua tovuti ya ubalozi wao Dar na ya wizara yao ya mambo ya nje uangalie siku hiyo hiyo panasemwa nini kuhusu pasipoti ya Tanzania.

Sasa kuna mambo matatu ya Marekani ambayo kwa watu wa Kilimanjaro yanauma kuliko ada.

La kwanza ni huo uraia wenyewe. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo siku unayoapa kule unaacha kuwa Mtanzania. Na asiye raia hamiliki ardhi hapa isipokuwa kwa uwekezaji. Maana yake, ili umlete mama unaweza kujikuta umejitoa mwenyewe kwenye kihamba, lile shamba la urithi la ukoo, ambacho mama huyo huyo anakulindia. Kuna hii hadhi maalum kwa diaspora wenye asili ya Tanzania, ifuatilie kwa mwanasheria wa ardhi kabla hujaapa, tena kikao cha familia kikae, maana nimeona ndugu wakigombana mahakamani kwa hii sababu wakati mama yuko Marekani hata hajui kinachoendelea.

La pili ni wajukuu. Bibi wengi huku wanalea, mtoto wa marehemu dada, mtoto wa binti aliyeko Dar. Kwenye hilo kundi la wazazi wa raia, mzazi anakwenda yeye kama yeye, hawezi kuambatanisha mtoto yeyote kwenye maombi yake. Kwa hiyo ukimchukua bibi leo, yule wa darasa la nne anabaki na nani? Hilo swali lijibiwe kikaoni, na lijibiwe kabla ya fomu.

La tatu ni kurudi. Grini kadi ni ya mtu anayeishi Marekani. Mama akikaa miezi mitatu Houston, akachoka kufungiwa ndani, akarudi kwa migomba yake akakaa zaidi ya mwaka mmoja, anakuwa kwenye hatari ya kuipoteza. Kuna kibali cha kurejea kinachoweza kumpa hadi miaka 2, ila kinaombwa akiwa bado yuko kule. Na matibabu, bima ya serikali ya wazee ya Medicare haimpokei mgeni wa grini kadi mpaka awe ameishi kule miaka 5 mfululizo, hata akiwa na miaka 80. Hiyo miaka 5 nani analipa? Wewe. Mama mwenye kisukari na figo zinazosumbua, hiyo hesabu ipigwe kwa kalamu.

Canada kwangu mimi ndo wamekuja na kitu kinachoendana zaidi na wazee wetu. Wana njia mbili. Ya ukaazi wa kudumu wa wazazi na mababu ipo, ila ni ya kualikwa: mtoto anatakiwa awe alijaza fomu ya kuonyesha nia, halafu wanachagua majina, na kwa miaka kadhaa wamekuwa wakialika kutoka kwenye orodha ile ile ya waliojaza mwaka 2020. Kama hukujaza mwaka huo, unasubiri wafungue tena. Ukialikwa unaonyesha kipato cha miaka mitatu ya kodi na unasaini kumtunza miaka 20, Quebec ni 10.

Njia ya pili ndo watu waiangalie, wanaiita Super Visa. Ni ya wazazi na mababu wa raia au mkaazi wa kudumu wa Canada. Inaweza kutolewa ya hadi miaka 10, anaingia na kutoka, na tangu Julai 2022 anaruhusiwa kukaa hadi miaka 5 kwa mkupuo mmoja. Mtoto anaandika barua ya mwaliko na kuonyesha kipato kinachofika kiwango chao, mama anapimwa afya, na inanunuliwa bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Canada, ya angalau mwaka mmoja, inayogharamia matibabu, kulazwa na kurudishwa nyumbani. Hiyo bima ndo gharama kubwa na kadiri umri unavyopanda na magonjwa yanavyoongezeka ndivyo inavyopanda, kwa hiyo omba bei ya bima kwanza kabla ya kingine chochote. Lakini mama habanwi, akitaka kuja kuvuna kahawa au kuwahi Krismasi kijijini anakuja na kurudi. Hapa na penyewe mjukuu haambatanishwi.

Australia nitapita haraka. Wana kipimo cha kuhesabu watoto: angalau nusu ya watoto wa mzazi wawe wanaishi Australia kwa kudumu, au waliopo Australia wawe wengi kuliko waliopo nchi nyingine yoyote ile. Familia ya watoto saba, wawili Perth na watano Tanzania, imekwisha hapo. Na wanaopita kipimo, foleni ya bei ya kawaida ni zaidi ya miaka 30, kwa mtu wa miaka 70 hiyo sio foleni ya kupanga. Ile ya kulipia zaidi inaenda haraka kidogo ila bado ni miaka mingi, na inazidi dola 40,000 za kwao kwa mzazi mmoja. Kuna viza ya muda ya miaka 3 au 5, jumla isizidi 10, hiyo haihesabu watoto, na kwa wengi ndo iliyobaki.

Ujerumani kwa muda mrefu mzazi alikuwa anaruhusiwa tu kwa dhiki isiyo ya kawaida, yaani karibu na lile swali la Uingereza. Ila kuna mlango mpya: mtaalamu aliyepewa kibali chake cha kwanza cha ukaazi wa kitaalamu kuanzia tarehe 1 Machi 2024 anaweza kuwaomba wazazi wake, na hata wakwe kama mwenza wake anaishi naye kule, bila hiyo dhiki. Mlango huo una mwisho, Desemba 2028. Aliyepata kibali chake Februari 2024 hayumo, inauma ila ndo sheria ilivyoandikwa. Na kikwazo kikubwa kinakuwa bima, maana bima ya umma ya mtoto haimchukui mzazi, na kampuni binafsi zikiona mtu wa miaka 75 zinataja bei ya kukata tamaa au zinakataa. Norway wao wanapokea mzazi aliyevuka miaka 60, asiye na mwenza, na asiye na watoto, wajukuu wala wazazi nchini kwao. Kwa Mchaga au Mmeru kupata hiyo hali ni nadra kweli.

Sasa ule ujanja ambao unapendekezwa kila kikao: apewe viza ya kutembea, akishafika tutajua. Ndugu zangu, hapana. Viza ya kutembea Uingereza ni miezi 6 kwa safari, nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, ni siku 90 ndani ya siku 180 na bima ya angalau yuro 30,000, na mgeni akiugua Uingereza akalazwa, hospitali ya umma inamtoza asilimia 150 ya gharama. Maombi ya kubaki kama mzazi tegemezi kule hayafanyiki akiwa ndani kwa viza ya kutembea. Lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo watu hawaliwazi. Ili mama apate viza ya kutembea mnaandika kwamba ana shamba, ana nyumba, anakaa na watoto wake, anapendwa, ana afya, lazima atarudi. Mwaka unaofuata mnaomba akaishi moja kwa moja na mnaandika hana mtu, hawezi kuvaa mwenyewe. Faili la kwanza halijatupwa, liko kwenye kompyuta, ofisa analifungua. Kama hali imebadilika kweli katikati, ameanguka, amepata stroku, elezeni ilibadilika lini na ushahidi wa hospitali wa tarehe hizo uwepo. Na mama kutembelea kihalali akarudi kwa wakati, hiyo ni nzuri, inamjengea rekodi, na kwa familia nyingi kuzunguka hivyo kila mwaka ndo jibu la kweli, hasa akiwa bado anatembea.

Tuje kwenye makaratasi ya huku, maana faili nyingi zinakwama hapa hapa kabla hata ya kufika ubalozini. Kila nchi inataka uthibitisho kwamba huyu ni mama yako, na uthibitisho mkuu ni cheti chako wewe cha kuzaliwa chenye jina lake. Chukua hicho cheti, chukua NIDA ya mama, chukua pasipoti yake kama anayo, viweke mezani vitatu pamoja usome herufi kwa herufi. Utakuta kwenye cheti chako ameandikwa Anasia na jina la baba yake, kwenye NIDA ni Ndeanasia na jina la mume, cheti cha ubatizo cha usharikani kina Anastazia, na mwaka wa kuzaliwa unapishana miaka minne kwa sababu mwenyewe alikadiriwa. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Ofisa anaona wanawake watatu.

Wazee wengi waliozaliwa kabla ya uhuru hawana cheti cha kuzaliwa kabisa. RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa na vifo, wanasajili watu wazima kwa kuchelewa, na wataomba vielelezo, cheti cha ubatizo, cha shule kama alisoma, NIDA, kwa hiyo anzia usharikani au parokiani, madaftari ya zamani ya KKKT na ya Katoliki huku kwetu yametunzwa vizuri na mara nyingi jina la mama na wazazi wake lipo pale kwa wino. Majina yakipishana mwanasheria anaandaa kiapo kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja, au hati ya kubadili jina inayosajiliwa, halafu ndo unakwenda NIDA kurekebisha, halafu ndo pasipoti. Usianze na pasipoti, maana ukishaitoa na jina bovu, shilingi 150,000 zimeenda na unaanza upya. Vyeti vikiwa dhaifu sana ubalozi unaweza kukubali kipimo cha DNA, ila kwa Marekani kinapitia maabara waliyoiidhinisha wao, kipimo ulichojifanyia mwenyewe hakitakusaidia.

Na hapa ndo vishoka wanapoingia, yule kijana anayekwambia nipe laki tano cheti cha mama kinatoka kesho, au barua ya daktari naijua pa kuipata. Ukibainika na nyaraka ya uongo Uingereza unaweza kufungiwa miaka 10, Canada miaka 5, Marekani ni kufungiwa bila mwisho. Na anayefungiwa ni yule mama mwenyewe, ambaye hata fomu hakuisoma kwa sababu ni ya Kiingereza na aliambiwa weka dole gumba hapa. Msomeeni kila kilichoandikwa kwa jina lake kwa lugha anayoielewa, Kiswahili au Kichaga, kwa sababu siku ya intavyuu anaulizwa yeye, na akisema mimi nakaa na mwanangu wa mwisho na ananihudumia vizuri sana wakati faili linasema hana mtu, hakuna mwanasheria wa kuyarudisha hayo maneno.

Kwa hiyo kabla ya kikao kijacho, aliye nje aje na karatasi moja tu: kibali changu mimi ni cha aina gani leo, nchi yangu inauliza swali gani kwa mzazi, na bima ya mama kwa umri wake na magonjwa yake ni shilingi ngapi kwa mwaka. Waliopo nyumbani waje na cheti cha ubatizo cha mama na NIDA yake. Na mama mwenyewe akae kikaoni, aulizwe, maana kwenye vikao vingi anakuwa jikoni anapika wakati wanae wanapanga akaishi nchi gani.